Meza ya Ghim Moh

Kwang Yong alikuwa mwana mwema, ila wema wake ulikuwa na kelele. Tangu asubuhi alimzungusha mama yake, Bi Geok Choo, akimnadia mitaa kama dalali. Mama alishakubali kuhama ile nyumba kubwa aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kilichobaki ni kuchagua mtaa, na jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo. Mwenyewe alikuwa na hofu moja tu, na hakumwambia mtu: kula peke yake mpaka afe.

"Bishan ina njia mbili za treni, Mama. Zahanati, maktaba, maduka, vyote unavifikia kwa miguu bila kulowa mvua."

Kweli, Bishan palimpendeza. Alikula tambi nzuri, akanywa kahawa yake, na hakuna aliyemsemesha.

Mtaa wa pili, Ghim Moh, walifika mchana, mama akihema, maana toka kituo cha treni ni mwendo.

"Umeona? Na siku goti likigoma?"

Kwenye soko la vyakula Bi Geok Choo alifanya afanyavyo kila mtu wa Singapore: aliweka pakiti ya tishu juu ya meza tupu, meza ikawa yake, akaenda kupanga foleni ya vikeki vya mchele. Aliporudi alikuta bibi watatu wamesimama, wanaikodolea macho ile pakiti.

"Nani kaweka tishu mezani kwetu?" aliuliza mnene wao, Swee Lian.

"Mimi. Kwani nyie mliweka nini?"

"Tuweke nini, shoga? Tunakaa hapa tangu tuna meno! Ghim Moh nzima inajua."

"Mimi si wa Ghim Moh."

"Si tunaona! Wa hapa anunue vikeki bila kuongezewa pilipili?"

Kwang Yong akaanza kuomba radhi. Swee Lian akamkatiza. "We kijana, acha maneno, lete kiti. Mama yako atasimama mpaka lini?"

Wakabanana wanne. Chai waliyoagiza haijapoa, Bi Geok Choo alishajua nani anaumwa mgongo na nani kagombana na mkwewe. Walimcheka viatu vyake, naye akawacheka nywele zao walizopaka rangi. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Mwanawe alimwinamia sikioni. "Lakini Mama, treni iko mbali."

"Mwanangu, mtu hupanda treni awafuate watu," alisema, akiisogeza sahani yake katikati ya meza. "Mimi nimeshafika."