Choo Kilichosema Kimeshiba

Usiku wa kuamkia leo niliota, na kwa mamlaka niliyokabidhiwa na usingizi nautangazia umma kwamba kijiji chetu cha Chikomelo kimekoma rasmi kujisaidia porini. Jambo hilo nililitangaza jukwaani, nimevaa koti la kiranja mkuu, na wananchi walipiga makofi kwa muda mrefu. Kisha nikagundua kwamba nilikuwa nimevaa koti tu.

Kabla sijaendelea, kuna mambo mawili ambayo si ndoto. Nyemo, binti wa baba mdogo, mwenye miaka mitano, yuko zahanati siku ya tatu leo, anaharisha, na dripu haijatolewa mkononi. Na watoto wote wa nyumbani kwetu wana wiki mbili hawaingii chooni. Wanakwenda korongoni, kwa sababu wanadai choo kinaongea. Mimi nami nina wiki mbili nyumbani tangu shule ya bweni ifungwe. Watu wasianze kujumlisha.

Basi, chini ya jukwaa alikuwepo bwana afya, Bwana Msuluja, akichora ramani ya kijiji ardhini kwa majivu, kama alivyofanya kwenye mkutano wa kweli. Utaratibu wake ni kwamba kila familia inawakilishwa na jani, na kila mtu anasimama kwake.

"Simama nyumbani kwako," akaniambia.

Nikakanyaga majivu. Nikawa nyumbani kweli, uani, jua la saa sita, mbuzi wanacheua. Nzi watatu wananisubiri. Wamevaa tai.

"Tumekuja kukushukuru, kiongozi," anasema nzi wa kwanza. "Bomba la choo lilikuwa na wavu juu. Tulikuwa tunapanda kufuata mwanga, tunafia pale pale, wengine wakiwa vijana kabisa. Wewe umeung'oa."

"Niliung'oa ili niweke mdomo," nikasema.

"Sisi hatuulizi matumizi."

"Na sasa mnakwenda wapi?"

"Kazini. Tunapitia korongoni, halafu kwenye sahani. Zamani korongoni hakukuwa na mzigo. Siku hizi watoto wanatuletea."

Nikawaomba wamwache Nyemo. Nzi wa tatu akafungua faili, akapekua kurasa bila haraka.

"Nyemo. Alhamisi, ugali na mlenda." Akafunga faili. "Huyo tulishamhudumia."

Wakaruka, tai zikipepea.

Kando ya choo chetu kuna kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia kilichofungwa kwa kamba: ukikanyaga kijiti, kinainama na kutoa maji. Katika ndoto kilitoa na ushahidi, sentensi moja kwa kila mkanyago.

Nikakanyaga. "Wiki mbili hakuna mtoto aliyenawa."

Nikakanyaga. "Nyemo alirudi siku moja, akajikaza, akafika mlangoni, akalia, akaondoka."

Nikakanyaga. "Aliyekuwa anacheka alikuwa juu ya banda la mbuzi."

Nikaacha kukanyaga. Kikaendelea kudondoka chenyewe.

Mlango wa choo ukafunguka. "Ingia," kikasema. Sauti yake haikutisha hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mgonjwa aliyelazwa muda mrefu bila kutembelewa.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua heshima nyingine ya kukipa.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetangaza kwamba nimeshiba?"

"Nilisema, 'Nimeshiba, anayefuata nammeza.' Ulikuwa utani tu, mzee."

"Sijala wiki mbili."

Nikachungulia shimoni.

"Baba yako na baba yako mdogo walinichimba siku tisa," kikaendelea. "Wakakuta mwamba, wakalala na malengelenge mikononi. Kazi waliyonipa ni kupokea na kunyamaza. Niliifanya vizuri. Umenitia mdomoni maneno ambayo sikuwahi kuyasema, na sasa kitoto kile kinanikimbia mimi, hakikukimbii wewe."

Nikageuka nitoke. Ua umekwisha. Majivu tu, kila upande. Wananchi wameondoka, na Bwana Msuluja ameshika ufagio, anafagia ramani, maana mkutano ukiisha ramani hufagiliwa.

Mahali pa nyumba yetu kuna jani moja, dogo, limekauka, linapumua.

"Kaka Elieza," linasema jani kwa sauti ya Nyemo, "nina kiu."

"Bwana afya, usifagie hapo!"

"Nyumba ambayo choo chake kinaongea haihesabiwi kuwa na choo," anasema bila kuinua kichwa. "Naanza na hiyo."

"Hakiongei!"

"Basi nani aliongea?"

Nafungua mdomo. Hakitoki kitu. Ufagio unakuja, unakusanya majivu, unakusanya jani la jirani.

"Sauti yako umeiacha kwenye bomba," choo kinaninong'oneza nyuma yangu. "Chukua ile uliyonipa mimi. Siihitaji."

Naichukua. Ni nzito, ina unyevu. Ufagio umefika.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Uani mama alikuwa anamimina uji wa Nyemo kwenye chupa ya chai. Mbeleje, kaka yake Nyemo mwenye miaka saba, alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe chake.

"Elieza! Amka ukampokee baba yako mdogo zahanati, hajafumba jicho."

"Nakuja, mama," nikajibu.

Sauti ilitoka mbali, ndani ya shimo refu, na ilikuwa na mwangwi. Nikakohoa. Nikasema tena, "Nakuja." Mwangwi ulikuwa pale pale.

Mbeleje akaangusha kikombe. "Mama mkubwa! Ndicho hicho! Choo kimo ndani ya kaka!"

Mama akafunga chupa taratibu, akaiweka chini.

"Mbeleje, hebu niambie tena. Choo kiliwaambia nini?"

"Nimeshiba. Anayefuata nammeza."

"Haya, Elieza. Sema hivyo."

"Mama, haya ni mafua tu..."

"Sema."

Nikasema. Mbeleje akajificha nyuma ya kanga ya mama. Mama akaniangalia kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Ni mimi, mama," nikasema kwa sauti hiyo hiyo, maana sikuwa na nyingine. "Nilipanda banda la mbuzi, nikang'oa wavu, nikaongea kwenye bomba."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara ya kwanza haikutosha?"

"Ilitosha. Lakini Nyemo alilia kuliko wenzake, nikaona inachekesha."