Kijiko cha Dada

...na cha tatu hicho kinakuja, kimejaa hadi sukari inamwagika mezani, Dada hajawahi kupima kitu maishani mwake, na Fundi ametulia nyuma ya cherehani, gauni la mteja mapajani, midomo kaibana kana kwamba ana pini, aseme au asiseme, kunywa mdogo wangu upate nguvu, anasema Dada, tazama ulivyonawiri, mashavu hayo, nani angejua wewe ndiye yule tuliyekuwa tukikugeuza kitandani... ndiyo, yule yule, kichwa bila unywele kama yai, anatapika hata maji, na ni Dada huyu huyu aliyeshika beseni, aliyelala sakafuni, aliyemnywesha uji wa sukari tele, akalia mifupa ya mabega ilipochomoza, akapiga vigelegele siku mizani ilipopanda, vigelegele wodini! mpaka nesi akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua, sasa mtu kama huyo unamwambiaje kwamba sukari yake... asubuhi daktari alisema saratani haijarudi, akamwacha acheke kwanza, ndipo akageuza karatasi, lakini mama, sukari imepanda, presha imepanda, mafuta kwenye damu yamezidi, na kiuno hiki, akamzungushia futi, yeye! aliyewazungushia futi maharusi wa mtaa mzima, kumbe mwenyewe hajajipima, ajipime kwa nini, wenzake nguo huwabana wakashtuka, yeye kila gauni lilipombana alifumua mshono wa ubavuni, akaachia kidogo, akashona tena, nguo zikamtii, kidogo, kidogo, fundi kajidanganya kwa sindano yake mwenyewe... si ulaji peke yake, alisema daktari, hata dawa zilizokuokoa zimechangia, na hedhi kukatika mapema, sawa, lakini hasira zimempanda, lile gonjwa lilichukua titi zima, akalitazama usoni, akarudi kwenye cherehani yake, halafu leo aangushwe na chai? Chai! Thubutu. Atatembea kila alfajiri, wanaocheka wacheke, atahema barabara nzima, na gauni hili alilovaa hatalifumua tena, libane, limkere kila akiketi... ila Dada atanuna, atasema umesahau beseni, na hajasahau, Mungu shahidi, lakini mgonjwa alishatoka kitandani, mbona Dada bado anamlisha kana kwamba ile mifupa inaonekana, mbona kila akibakiza tonge Dada hubadilika rangi... ah. Anaogopa. Miaka yote hii mtu mzima anaogopa, kwake kupungua ni kufa, hajaona kupungua kwingine, maskini Dada wa watu, basi ataonyeshwa, na kiganja cha Fundi kimeshafunika kikombe, mvuke unaunguza, hakiondoi, kijiko kimesimama hewani, vipi, anauliza Dada, umerudi? ugonjwa umerudi? na macho tayari yamejaa, hapana Dada, haujarudi, weka kijiko nikueleze, lakini Dada haweki, na chai inapoa chini ya kiganja, na Fundi anajua neno atakaloanza nalo, atalisema hata Dada anune mwaka mzima, Dada, safari hii ukiniona napungua, usilie, piga vigelegele.