Rigaleta ya Mama Yake

Kila jioni, fundi akishaosha sahani yake moja, alifunga rigaleta kuukuu kwenye mtungi wa hewa, akaketi kitandani, akauma kidomo chake, kile kipande cha mpira cha mdomoni, na kuanza kuvuta pumzi. Hewa ilikuja taratibu, kisha mwishoni ikakwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Ukuta wa chumba ulikuwa mwembamba. Jirani yake, mtu mwema asiyejua kunyamaza, akaja mlangoni na chupa ya dawa ya kifua. "Pole na pumu, mzee," alisema. Fundi akapokea, akashukuru, akaiweka dirishani. Angejibu nini? Kwamba anamsikiliza marehemu mkewe?

Rigaleta, kwa asiyejua, ndiyo inayopunguza nguvu ya hewa ya mtungi ili mzamiaji aweze kuivuta akiwa chini ya maji. Hii ilikuwa ya mtindo wa zamani: kopo la shaba pana kama kisahani, linalokaa mgongoni, na mabomba mawili ya mpira yenye mikunjo yanayopita mabegani hadi mdomoni. Mkewe aliitumia miaka yote aliyokwangua matumbo ya meli. Kabla ya kuzama alivuta pumzi chache karibu na sikio la mumewe, naye fundi akisikia ule mkwaruzo alijua kifaa kiko sawa. Watu waliwacheka: mke anazama, mume anaota jua gatini. Wao hawakujali. Mama huyo alikuja kufa kitandani, kwa maradhi, mkavu kabisa, na kifaa chake kikabaki.

Basi siku moja binti yao, ambaye naye ni mzamiaji, akaja.

"Baba, nipe ile ya mama. Hizi za kisasa zinanimwagia mapovu usoni, sioni ninachochomelea. Ile inayatoa kule mgongoni. Ila uifufue vizuri, uweke vitu vipya ndani."

Angekataaje? Mtoto hakuwa na kawaida ya kuomba. Hata kuja, haji sana. Fundi akaloweka shaba kwenye siki mpaka kutu ya kijani ikaachia, akabadilisha springi na vali, akafunga mabomba mapya, akaongeza hata tundu la geji ya kupimia hewa iliyobaki, ambalo zamani halikuwepo. Mikono ilifurahi kupata kazi. Kikabaki kiwambo, lile duara la mpira linalovutwa na pumzi ya mzamiaji na kuifungulia hewa. Cha zamani kilikuwa kimeanza kupata nyufa ukingoni. Akakitoa, akaweka kipya cha silikoni, akavuta.

Hewa ikaja laini. Haikukwaruza.

Akavuta tena, na tena, akingojea. Chumba kilikuwa kimya kuliko siku ya mazishi, maana siku ile angalau watu walikuwepo. Wasemao kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawakumjua fundi huyu, aliyekusudia kuyaficha ndani ya kopo la shaba. Alikitoa kiwambo kipya, akarudisha cha zamani, akakaza skrubu. Angekuwa fundi mwingine amefanya hivyo, yeye mwenyewe angemnyang'anya bisibisi. Lakini alijipa moyo: mbona jioni zote hizi kimehimili? Na binti atakuwa anaileta rigaleta kuhudumiwa, watakaa pamoja, naye atausikia tena ule mkwaruzo. Uongo mtamu hauhitaji sukari.

Kiwambo kipya alikirudisha kwenye pakiti yake. "Hiki cha akiba," alimwambia binti alipokuja kuchukua.

"Asante, baba. Nakimbia, kesho asubuhi nina kazi chini ya meli." Hakuketi hata kidogo.

Asubuhi fundi alikuwa anakunywa chai alipoona nyufa zile mbele ya macho yake, waziwazi, kama bado anazishika. Mtu akivuta kwa nguvu kule chini, mpira ukachanika, kitakachoingia mdomoni si hewa. Chai ikampalia. Alitoka na kandambili, mlango akauacha wazi, akakimbia kama mwizi hadi gatini.

Binti alikuwa ameshavaa mtungi mgongoni. Mwenzake alikuwa anakunjua kamba.

"Shikamoo baba. Mbona unahema hivyo?"

"Vua hiyo. Kiwambo kilichomo ni cha zamani."

Binti alimtazama kwa upole uliomuuma fundi kuliko matusi. "Najua. Niliifungua jana nikakiona. Si wewe uliyenifundisha, rigaleta usiyoifungua mwenyewe usiivute, hata ukipewa na mama mzazi? Nikaweka kile cha akiba." Akamsogelea na kushusha sauti, mwenzake asisikie. "Nilidhani umesahau, baba. Umri nao. Sikutaka kukuaibisha."

Fundi aliketi pale pale sakafuni. Mtoto yuko salama. Alishukuru, akashukuru tena, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Lakini moyo hauna adabu, na swali la pili likamtoka.

"Na kile cha zamani umekiweka wapi?"

"Nilikitupa. Gari la taka limeshapita." Binti akakunja uso. "Kwani ulikuwa unakihitaji?"

Angeweza kumwambia. Lakini angelazimika kumwambia pia kwamba alikiona, akakipima, na bado akamwachia mwanawe wa pekee azame nacho. Afadhali mzee msahaulifu.

"Hapana, mama. Kilikuwa kibovu. Nilisahau kukibadilisha."

"Usijali. Sikia inavyovuta sasa." Binti aliinama, akauma kidomo, akavuta pumzi kando ya sikio la baba yake. Kisha akakitoa kidogo. "Kama mpya, sivyo?"

"Kama mpya," fundi alisema.

Alitamani kumwomba aiache kazi leo, aketi naye hapo sakafuni, wazungumze habari za mama yake. Alifungua kinywa aseme. Lakini binti alikuwa ameshauma kidomo tena, na mtu aliyeuma kidomo hawezi kujibu.