Shangazi Verna Anasubiri Teksi

Usijifanye hukuona. Ulipita pale, ukafuta viatu kwenye mkeka wa mlangoni, ukamwona mwanamke mweusi wa miaka sabini na miwili amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya ubao wa matangazo, na ghafla ukakumbuka kwamba simu yako ina ujumbe. Haikuwa na ujumbe. Watu wa kuangalia simu walikuwapo hata kabla ya simu; enzi hizo walikuwa wakiangalia viatu.

Mwanamke huyo ni Verna Hoskins, Shangazi Verna kwa kila mtu mweusi, yaani mwenyeji wa asili, wa Wirrabone, mji mdogo wa Australia, na kwa wazungu wenye adabu, ambao ni sita. Alichokuwa akilinda ni karatasi moja.

Klabu ya matufe ya Wirrabone, ambako wazee waliovaa nyeupe kama wapishi wa hospitali huviringisha matufe kwenye nyasi na kununiana kwa sababu ya inchi moja, ina kanuni zake. Ukitaka uanachama, karatasi yako huwekwa kwenye kabati la kioo siku kumi na nne, na chini ya jina lako majina ya wanachama wawili: wa kukupendekeza na wa kukuunga mkono. Siku zikitimia majina yote yapo, umeingia. Demokrasia safi kabisa. Karatasi ya Verna ilishawekwa mara tatu, na mara tatu ikatoweka kabla ya siku kutimia. Katibu, Graham Pettit, alisema ni upepo. Upepo, ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo unaoning'inia shingoni mwake.

Kwa nini basi asiingie kama mgeni? Kwa sababu kanuni inasema anayeishi ndani ya kilomita tano si mgeni, na yeye anaishi kilomita mbili. Dereva wa lori kutoka Adelaide, aliyesimama kutafuta choo tu, anaandikwa kitabuni, anapewa bia na tiketi ya bahati nasibu ya sinia la nyama. Verna yuko karibu mno kuwa mgeni, na mweusi mno kuwa mwanachama.

Miaka yote hiyo alikuwa akililia heshima. Safari hii, kwa karatasi ya nne, alililia kura. Jumapili wanachama wangeamua kama uwanja wa nyuma uuzwe, pajengwe kituo cha mafuta. Kabla ya kuwa uwanja, pale palikuwa kambi ya watu wake, kwenye kona ya mto, mpaka siku polisi walipokuja na lori kuwahamishia misheni. Wajomba zake wawili, waliokufa kwa surua kabla hawajajua kutembea, wamezikwa pale bila jiwe. Mama yake alimshika mkono akamwonyesha: hatua arobaini kutoka ukingoni. Ndipo penyewe walipotaka kuchimbia matangi.

Basi Verna akaleta kiti. Pale mapokezi mtu yeyote anaruhusiwa kusubiri teksi. Wirrabone ina teksi moja, na dereva wake ni binamu yake, Lal.

"Teksi haijafika tu, Verna?" Pettit aliuliza siku ya kwanza.

"Iko njiani, Graham."

Siku ya nne akauliza tena. "Ile pale nje si ndiyo teksi? Lal amelala ndani."

"Anapumzika. Ametoka mbali."

Siku ya tisa Pettit alimpigia Lal mwenyewe. Kupitia kioo cha mlango walimwona Lal akiamka, akapokea, akasema, "Nakuja bosi, dakika tano," kisha akajifunika kofia usoni.

Nola Prentice, mpeleka barua, ambaye ndiye aliyempendekeza, alimletea chai kila asubuhi.

"Umelala, Shangazi?"

"Nimelala na simu kifuani. Napiga picha ya karatasi wakifunga, napiga nyingine wakifungua. Nikifa, nizikeni nayo."

"Ukifa, Graham ataandika umejiuzulu."

Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa. Saa kumi na nusu jioni akaja Trev Maddigan, kocha wa raga, ambaye jina lake ndilo lililokuwa la pili kwenye karatasi. Alikuwa amevua kofia. Nyuma yake Pettit, ufunguo mkononi.

"Shangazi," Trev alisema.

"Usiniite kwa sauti hiyo. Hiyo ni sauti ya daktari."

"Anayenunua ule uwanja ni mkwe wangu. Unajua Krismasi itakuwaje kwetu? Mimi si mbaguzi, unanijua. Mjukuu wako nilimbeba mabegani, mji mzima ukiona."

"Ulimbeba kwa sababu alikushindia fainali. Angeuangusha ule mpira ungemwacha matopeni."

"Hunitendei haki."

"Haki? Mwanangu, leo hilo neno usiliguse."

Pettit akafungua kabati, Trev akalifuta jina lake kwa mistari miwili, taratibu, kama mtu anayekata keki. Pettit akakohoa, akasoma kanuni: majina mawili kabla ya saa kumi na moja, la sivyo ombi limekufa, na jingine lisiletwe kwa mwaka mzima.

"Pole sana, Verna. Ni kanuni, si mimi."

"Najua. Bibi yangu naye alipandishwa lori na polisi aliyesema ni amri, si yeye."

Pettit alipogeuka kumtazama Trev anayetoroka, kabati likabaki wazi. Verna akachukua karatasi. Akaing'oa kalamu ya kitabu cha wageni pamoja na kamba yake, akaupita mstari wa mapokezi ambao hakuwahi kuupita, akaingia ukumbini.

Mlikuwa watu arobaini. Namba za bahati nasibu zilikuwa zikisomwa. Verna akampokonya msomaji kipaza sauti.

"Buluu ishirini na saba, nyama yako ya kondoo hiyo, njoo uchukue. Nyinyi wengine nisikilizeni. Hapa pana jina moja, panatakiwa mawili. Des, nepi zako alifua mama yangu. Beryl, mumeo alipokata roho pale hospitali, mimi ndiye niliyemfumba macho, wewe ukiwa bado njiani. Sikuja kudai hayo. Nimekuja kuomba sahihi."

"Hapa haturuhusu siasa, Verna," Pettit alisema kutoka mlangoni.

"Jumapili mnapiga kura, Graham. Unadhani hiyo ni nini, bingo?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta. Watu wakainamia bia zao kana kwamba ndani yake mna maandishi madogo. Verna akaiweka karatasi juu ya meza ya karibu, kalamu juu yake, akafunga mikono nyuma ya mgongo. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja kasoro dakika tisa.

Na wewe umo humo. Usiseme hujawahi kukanyaga Wirrabone. Una chama, una kamati, una kanisa, una jengo la wapangaji lenye kanuni zake, na humo kuna jina la mtu limebandikwa, linasubiri la pili. Sasa unataka kuambiwa kwamba mtu fulani mwema alinyanyuka, ili wewe uendelee kukaa. Hakuna wa kukuambia hivyo. Kiti kinachotakiwa kubaki kitupu ni chako. Simama. Shika kalamu, uandike jina lako, sasa hivi.