Niangalizie Baiskeli

Baiskeli zilikuwa mbili, mapacha, zimenunuliwa siku moja katika duka moja, moja nyeusi na moja ya buluu. Nyeusi ilikuwa ya Dada. Ya buluu ilikuwa ya mdogo wake, ambaye jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika nyumbani na kazini, watu wakimwita Breki. Wala hakuonewa. Jina hilo alilipata kwa jasho lake, kwa sababu kila mteremko, hata ule mdogo wa kuingilia getini kwao, lazima abane breki mpaka matairi yalie.

Zilikuwa baiskeli za milimani, lakini zile za ngazi ya kwanza kabisa, za mtu anayetaka kuona kama mchezo utamkubali. Mbele zilikuwa na foko ya springi, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, na nyuma hazikuwa na kitu, yaani kila jiwe unalolipita, mgongo wako unapewa taarifa. Dada hakukaa na yake hivyo kwa muda mrefu. Aliivua kidogo kidogo akaivika upya: foko ya upepo badala ya springi, breki za mafuta badala ya za waya, matairi mapana yenye meno. Breki aliiacha yake kama ilivyotoka dukani, akisema inamtosha, na kwa mwendo wake ilimtosha kweli.

Nyuma ya mtaa wao kulikuwa na kilima, na kutoka juu yake njia nyembamba ilishuka katikati ya miti hadi kwenye daraja la mbao. Katikati ya njia hiyo lilikaa jiwe moja, pana kama meza ya kulia, ambalo huna budi kulipanda na kushukia upande wa pili. "Nifuate tairi," Dada alikuwa akimwambia. "Usitazame jiwe, tazama tairi langu." Breki alilitazama tairi vizuri tu mpaka wafike kwenye jiwe. Hapo macho yalimhama, vidole vikabana vyenyewe, na tairi la Dada likapotelea ng'ambo.

Siku ambayo Dada alikuwa anaondoka kwenda nchi ya mbali kumtunza ajuza mmoja mgonjwa, walishuka asubuhi kwa mara ya mwisho. Walikuwa wamekubaliana waagane darajani, wawili tu, maana nyumbani kungekuwa na Mama na machozi ya Mama. Breki alifika kwenye jiwe akabana. Akarudi nyuma, akaja tena, akabana. Mara ya nne alikubali yaishe, akashuka kwa miguu huku akiisukuma baiskeli, polepole, amenuna, kana kwamba jiwe limemtukana. Alipofika darajani hapakuwa na mtu. Gari la kuwapeleka wasafiri uwanja wa ndege lilikuwa limewahi. Nyumbani alimkuta Mama ameketi kwenye kitanda cha Dada, na baiskeli nyeusi imeegemezwa ukutani, matope yake bado mabichi.

"Kasema umwangalizie baiskeli yake," Mama alimwambia.

Hayo ndiyo maneno ya kuagwa aliyoyapata, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Breki akayashika kwa mikono miwili. Alinunua kulabu mbili, akaitundika baiskeli nyeusi kwenye ukuta unaotazamana na kitanda chake, akaanza kuiangalia.

Na aliiangalia kweli. Kazi yake ilikuwa udobi katika hospitali, chumba cha chini chenye mashine sita na mvuke usioisha, ambako shuka huingia na habari zote za mgonjwa na kutoka hazina habari yoyote. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitu akutunzie, atakutunzia kwa kitambaa. Kila Jumapili aliifuta baiskeli kuanzia mpini hadi spoku ya mwisho. Mnyororo aliupaka mafuta. Matairi aliyajaza upepo. Asubuhi akifungua macho, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ile fremu nyeusi inayong'aa, na roho yake ilitulia kidogo, halafu ikaanza kuuma.

Dada alipiga simu kila wiki, sauti ikienda na kurudi.

"Baiskeli yangu unaiangalia?"

"Kila siku, Dada."

"Vizuri. Mimi hapa hata njia ya vumbi siioni."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli tupu, na ndiyo sababu mambo yalichukua muda mrefu kugundulika.

Kilichomkaa Breki rohoni ni lile daraja tupu. Alijiapiza kwamba Dada akirudi, siku ya kwanza tu, atalipita jiwe nyuma yake bila kubana, wafike chini pamoja, na kile alichokuwa amwambie siku ile atamwambia palepale. Kwa kuwa hakutaka kujilaumu mwenyewe, aliilaumu baiskeli. Springi zinamrusha. Breki za waya haziaminiki. Matairi membamba yanateleza. Akaanza safari za kwa Fundi.

Fundi alikuwa na banda mkabala na geti la hospitali, mipira ya ndani ikining'inia kwenye dari mpaka ukiingia lazima uiname. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa nailoni, na baiskeli zote aliziita wagonjwa. Breki alipomwambia anataka matairi kama ya Dada, alimpa. Miezi ikapita akarudi, anataka breki za mafuta. Fundi alimtania kwamba hiyo fremu ni ya darasa la kwanza na yeye anaivisha joho la chuo kikuu. Lakini mikono yake ilifanya kazi kwa heshima, na kila kifaa alichokivua alikifunga kwenye gazeti akamrudishia, akisema bado kizima, akakiweke. Vyote vilikwenda kwenye boksi chini ya kitanda. Mwisho ikaja foko ya upepo, na siku hiyo Breki aliisukuma baiskeli hadi nyumbani bila kuipanda, kwa furaha tu ya kuitazama ikitembea.

Jumamosi akaipeleka kilimani. Ilishuka kama imepakwa siagi. Mizizi iliyokuwa ikimtikisa meno sasa hakuisikia. Akalifikia jiwe, vidole vikabana, na ile breki mpya ya mafuta ikafanya kazi yake sawasawa: ilimsimamisha haraka kuliko zamani.

Alikaa juu ya jiwe akacheka mwenyewe, halafu kicheko kikamwisha. Baiskeli haikuwa na kosa. Alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Dada isipokuwa tairi la Dada mbele yake. Alimtamani dada yake pale, kwa hasira, jinsi mtu mwenye kiu anavyokasirikia bomba lililokauka.

Mara moja tu alivunja miiko. Mvua ilikuwa inanyesha mchana, Mama amelala, naye akaitungua baiskeli nyeusi, akaikalia katikati ya chumba, mkono mmoja ukutani, gurudumu la mbele likigusa kitanda. Kiti kilikuwa juu kwa kidole kimoja kuliko alivyozoea. Akaweka viganja mahali viganja vya Dada vilipokuwa vimechimba mpira wa mpini. Alikaa hivyo mpaka mvua ikakata, kisha akaitundika tena, akafuta alama zake. Foko ilikuwa imelala kidogo alipoikalia, lakini hakulitilia maanani. Aliona aibu kama aliyevaa nguo ya mtu bila ruhusa.

Miaka miwili na miezi minane ilipotimia, Dada akaja kwa likizo ya siku kumi na mbili.

Alikuwa amekonda usoni na kujaa mabegani, mabega ya mtu anayemnyanyua mwenzake kila siku. Mama akikohoa tu, Dada alikuwa ameshasimama kabla ya kujua kwamba amesimama. Breki alimshika mkono, akampeleka chumbani, akaufungua mlango kama anayefungua sanduku la mahari.

Dada aliitazama baiskeli yake muda mrefu. Akasogea, akaminya breki ya mbele, na mkono wa breki ukaenda mpaka kwenye mpini bila kukutana na kitu. Akaishusha, akaiegemea, na foko ikazama yote, ikabaki hukohuko. Kando ya matairi, mpira ulikuwa na nyufa kama kisigino.

"Umeitundika tangu lini?"

"Tangu uondoke."

"Na hujaipanda hata siku moja?"

"Ulisema nikuangalizie."

Breki aliona uso wake ukitafuta pa kwenda, kwenye kicheko au kwenye kilio.

"Nilisema uiangalie, mdogo wangu," alisema mwishowe, taratibu. "Sikusema uitazame."

Miaka yote ile ya kitambaa na mafuta ilimshuka Breki mwilini kwa pamoja, akaketi kitandani. Alitaka kusema kwamba alikuwa anatunza kitu kimoja tu alichoachiwa, na kwamba ukitunza kitu hivyo unaogopa hata kukigusa. Akaishia kusema samahani. Dada akaketi kando yake, akamwambia kosa ni lake, maana alimwachia Mama maneno matatu huku mguu mmoja uko garini.

Fundi aliipima baiskeli nyeusi na kutoa majibu yake kama daktari. Haikuumwa kwa kutumika, iliumwa kwa kukaa. Mipira midogo ya kuzuia upepo ndani ya foko imekauka, mafuta ya breki yamevuja, vifaa vya kuitengeneza vinaagizwa, wiki tatu. Dada alikuwa amebakiza siku tisa. Breki alihisi daraja linakuwa tupu kwa mara ya pili, safari hii akiwa analiona kwa macho.

Fundi akavua miwani, akaipangusa. "Lile boksi la chini ya kitanda," akamuuliza Breki, "bado unalo?"

Mapacha ni mapacha. Foko ya springi iliyotoka kwenye buluu iliingia kwenye nyeusi bila ubishi, na breki za waya zikafuata, na matairi membamba. Ilipofika jioni, Dada alikuwa anaendesha mabaki ya mdogo wake, foko ikilia kwi-kwi, kwi-kwi kila ilipobonyea, na anacheka peke yake barabarani.

Kesho yake asubuhi wakawa juu ya kilima. Breki alisubiri Dada atangulie kama zamani. Dada hakusogea. Alikuwa ameshika mpini kwa nguvu mno, na Breki akatambua kitu ambacho hakuwahi kukiona kwake: aliogopa.

"Miaka mitatu kasoro sijakanyaga pedeli," Dada alisema. "Tangulia wewe. Mimi nitafuata tairi lako."

Hivyo sivyo Breki alivyokuwa ameipanga siku hiyo hata kidogo. Alipiga moyo konde, akaachia. Mbele yake hapakuwa na tairi la kutazama, ila njia tu, lakini nyuma yake ilikuwapo ile sauti, kwi-kwi, kwi-kwi, sauti ya foko yake mwenyewe ya zamani imembeba Dada. Hakuweza kugeuka. Alijua tu kwamba sauti ikiwapo, Dada yupo, na akibana ghafla, Dada atamvaa mgongoni. Jiwe likaja. Vidole vyake vikagusa breki, visibane. Baiskeli ikapanda, ikakaa hewani muda mfupi sana, ikatua, na alikuwa ng'ambo.

Alipiga ukelele wa furaha mpaka darajani. Ndipo aliposikia kwamba nyuma kumenyamaza.

Akasubiri. Akaanza kupanda kumtafuta, akasita, akarudi, akiogopa wasije wakapishana. Alihesabu mbao za daraja. Alitazama njia ile mpaka miti ikaanza kufanana na watu, na akiwa pale akaelewa kwamba kuna mtu mwingine aliwahi kusimama hapa, akatazama njia hii, saa ikimkimbilia. Miaka yote hiyo alikuwa akijiona yeye ndiye aliyeachwa.

Dada alitokea kwa miguu, anaisukuma baiskeli polepole, amenuna. Alipoinua uso akamwona mdogo wake amesimama katikati ya daraja, naye akasimama.

"Nimebana," akasema.

"Nimekusubiri," Breki akajibu.

Dada akaiacha baiskeli ianguke majanini. "Siku ile nilikusubiri mpaka dereva akapiga simu mara ya tatu. Nilikuita. Hukusikia."

"Nilikuwa nakuja, Dada." Ndiyo yale maneno aliyokuwa ameyaweka muda wote huo, na yalikuwa madogo kuliko alivyoyakumbuka. "Nilikuwa nakuja kukuaga. Nilikuwa nakuja tu."

Wakashikana pale darajani, wakalia vizuri, bila Mama.

Siku zilizobaki ziliisha kama zinavyoisha siku za likizo. Dada alipokuwa anaingia garini, akageuka na kuanza, "Niangalizie..." akajikatiza mwenyewe. "Iendeshe," akasema.

Breki alizing'oa kulabu ukutani. Vifaa vilipofika, Fundi aliirudishia nyeusi joho lake, na kutoka siku hiyo Breki akawa anakwenda kazini kwa zamu, leo buluu, kesho nyeusi. Kiti cha nyeusi hakukishusha. Akisimama kwenye makutano, vidole vya mguu ndivyo pekee vilivyofika chini, na hilo alilipenda, kwa sababu lilimkumbusha yuko kwenye kiti cha nani.

Jumapili moja simu ililia akiwa juu ya kilima, matope hadi magotini.

"Baiskeli yangu unaiangalia?" Dada akauliza, na kicheko chake kilisikika kutoka ng'ambo kule.

"Nitaiangaliaje, Dada? Nimeikalia."

Walicheka wote. Breki alimwomba asikate. Akaitia simu mfukoni ikiwa wazi, ili Dada asikie njia, akaanza kushuka.