Maji ya Kupimwa

Wiki ya tatu sasa tumbo la mtoto lilikuwa halijatulia. Mama Ndoo alifua nguo za mwanawe mlangoni, akazikamua, akazianika juu ya zile za jana ambazo bado zilikuwa mbichi, kisha akarudi kusugua kichujio kwa mswaki uliokwisha meno. Kilikuwa chungu cha udongo kilichokaa ndani ya ndoo yenye koki. Mradi wa maji safi ulikuwa umegawa ndoo hizo kwa nyumba zote arobaini za uchochoro ule, na yeye akapewa fulana na kazi ya kuwaonyesha wenzake namna ya kuzisafisha. Jina lilianzia hapo. Maji ya kisima yaliingia na rangi ya chai, yakatoka meupe. Tumbo la mtoto halikuona tofauti.

"Shoga, umechemsha?" aliuliza jirani yake msusi, kichwa cha mteja kikiwa magotini mwake. "Watu wa mradi wanakuja kupima leo."

"Wanapima kichujio, hawapimi jiko langu."

"Haya weee! Mgeni aje kwako umwekee maji ya kisima? Tena wakikuta vijidudu wanabeba ndoo yao, wanakwenda. Utabaki unachuja kwa gauni."

Mteja akacheka bila kuinua kichwa. "Mimi nimeweka ya mvua, nimechemsha mara mbili. Wakiyaonja watahamia kwangu."

Mama Ndoo aliangalia kamba ya nguo. Ndoo yenyewe haikutosha kumponya mtoto, ila hakuwa na nyingine. Akawasha jiko. Mkaa wa uji wa mtoto ukaishia kwenye maji ya wageni.

Wageni walifika, wakajaza vichupa nyumba kwa nyumba, wakasifu usafi. Mama Ndoo akatia sahihi fomu yao kwa niaba ya uchochoro mzima.

Baada ya mwezi, afisa wa mradi alirudi na mpiga picha. Aliwakusanya wanawake uani kwa msusi, akasoma: vichupa arobaini, na kijidudu hata kimoja hakikuonekana. Vigelegele vikapaa.

"Kwa hiyo," afisa akaendelea, "lile bomba lililokuwa lipite hapa limepelekwa kwa wenye shida kuliko ninyi. Ninyi mko salama."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Bomba gani?" msusi akauliza.

"Hamkuambiwa? Kipimo kile ndicho kilichokuwa kinaamua."

Mama Ndoo alisimama. "Bwana afisa, siku ile tulichemsha. Nyumba zote. Wengine hata maji hayakuwa ya kisima. Pimeni tena. Leo hii, bila hata kupiga hodi."

"Mlichemsha kwa nini?"

"Mlikuwa wageni."

Afisa alitoa fomu kwenye mkoba, akaweka kidole chini kabisa. "Hii sahihi ya nani, mama?"

"Yangu."

"Hapa pameandikwa: maji ya kila siku ya nyumbani. Sasa niwaambie wakubwa mlidanganya? Sawa, nitawaambia. Vichujio vitakusanywa vyote, na jina la kwanza litakuwa lako."

Msusi alimvuta upindo wa gauni. "Kaa, dada. Kaa tu."

Akakaa.

"Haya," afisa akalainika, "tupate picha, gari linasubiri. Mwenye fulana ya mradi aje mbele. Na mtoto wako huyo, ndiye anywe. Watu wanapenda kuona mtoto."

Bilauri ilijazwa kwenye koki ya ndoo ya msusi; siku hiyo hakuna aliyechemsha. Mama Ndoo aliishika, akamwangalia afisa, akaangalia wenzake. Kila mmoja alikuwa na jambo la kutazama chini. Mtoto alikuwa na kiu. Aliivuta bilauri kutoka mikononi mwa mama yake, akainywa yote bila kupumua.

"Aa, amefumba macho," mpiga picha alisema. "Mjazie tena, mama. Na wewe cheka kidogo."