Waya Uliofungwa kwa Uzi Mwekundu

Boksi la kadi ya grafiki, ile ya kuiharakishia kompyuta kazi ya picha, lilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa, na mchoraji alilifuta vumbi kila alipofagia chumba. Mumewe ndiye aliyelituma kutoka huko mbali anakofanya kazi ya mitambo ya umeme. "Usiiguse," alimwambia. "Nikija likizo nitaifunga mwenyewe." Basi kwake, maadamu boksi limefungwa, mume yu njiani.

Mama mkwe hakulipenda. "Mkwe wangu, tangu lini mgeni akakaribishwa juu ya kabati? Lishushe, niweke mablanketi yangu."

"Linamsubiri mwanao, mama."

"Mwanangu akikwambia kesho, muulize kwanza ni kesho ya mwezi gani."

Mchoraji alichora nyumba ambazo hazijajengwa, mteja aone sebule yake kabla ya tofali la kwanza. Kompyuta ilikuwa imechoka. Kuipika picha moja hadi ikamilike kuliichukua kutwa nzima, na wateja walishaanza kununa. Likizo ilisogezwa, ikasogezwa tena. Kisha mchana mmoja mume akapiga simu kwa sauti laini kupita kawaida, na sauti ya namna ile haijawahi kuleta heri.

"Injinia wangu, kadi usiniwekee tena. Ifunge wewe, mimi nikuelekeze."

Akaelewa kwamba haji. Hakuuliza likizo imekwenda wapi. Alifungua ubavu wa kompyuta, akatafuta kisingizio cha kumsubiri.

"Pawa saplai inayoilisha kompyuta umeme ni ile ile ya zamani. Boksi linataka wati mia sita na hamsini, yetu mia tano. Unataka niunguze nyumba, mama yako akiwa ndani?"

"Nimesikia!" Mama mkwe alipaza sauti kutoka jikoni.

Mume alicheka. "Hizo wameandika wakimfikiria mtu mwenye israfu. Kadi ikiwa na njaa kali inakula mia mbili. Prosesa haifiki mia. Vilivyobaki vinadonoa tu. Halafu kuna programu, tutaiwekea kadi kikomo, isile kupita kiasi. Itapika taratibu kidogo, lakini haitamwelemea anayeilisha."

"Na kama anayeilisha amezeeka?"

"Ikizima ghafla, au ukinusa plastiki, chomoa. Tunanunua mpya, na hapo sibishani."

Kila mlango alioufungua, mume aliurudishia taratibu. Ukabaki mmoja.

"Kadi ina matundu mawili ya umeme. Waya ninaouona ni mmoja."

"Usije ukanunua kigawanyaji! Waya mmoja ukibeba mzigo wa wawili unayeyuka. Kila tundu na waya wake, kutoka kwenye pawa saplai yenyewe."

"Ndiyo maana nasema. Mpaka uje."

"Tazama chini, nyuma ya diski. Niliukunja wa pili, nikaufunga kwa uzi mwekundu."

Alikuwa anautazama. Mume aliukunja siku alipokuwa akifunga mizigo, akiwa amekaa sakafuni hapo hapo, akisema huu ni wa siku tutakayojaaliwa kupata kadi.

"Umeuona?"

"Niliuona tangu mwanzo."

"Najua," alisema mume. "Uzi ulinipa wewe. Uliuchomoa kwenye pindo la gauni lako."

"Mkataba wameuongeza," akasema mume. "Sikujua nianzie wapi kukwambia."

"Ungeanzia hapo hapo."

Akachomoa kompyuta ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliojificha uishe, akagusa chuma kuutoa na ule wa mwilini mwake. Kadi ikaingia mahali pake, akaikaza skrubu. Uzi hakuukata. Aliufungua fundo kwa kucha, akauvingirisha kidoleni. Plagi ya kwanza, ta! Ya pili, ta! Akaichomeka tena ukutani, akawasha, akaweka kikomo kama alivyoelekezwa, akaipa kadi sebule ya mteja ipike. Sufuria ya mama mkwe haijachemka, sebule ikawa tayari, na kivuli cha dirisha kimelala kwenye sakafu yake.

Alipeleka mgongo wa mkono nyuma ya pawa saplai, kama mumewe alivyozoea kufanya, aonje upepo wake.

"Vuguvugu tu."

"Sogeza simu niisikie."

Akapiga magoti, akaisogeza.

"Bado feni inakwaruza," mume alisema.

"Bado."

Mume hakukata simu. Mchoraji alibadilisha mkono, akaendelea kuishika.

Mama mkwe akaingia amekumbatia mablanketi. Aliangalia juu ya kabati palipobaki patupu, akamwangalia mkwewe aliyepiga magoti nyuma ya mashine.

"Mnaongea nini?"

"Hatuongei, mama. Anasikiliza."

Mama mkwe hakuyapandisha mablanketi. Aliyaweka sakafuni, akainama kwa taabu, na kwa kuwa hakujua aelekeze mdomo wapi, akauelekeza kwenye ule upepo vuguvugu.

"Mwanangu," akaiuliza mashine, "umekula?"